Nyingine

Fomu ya kazi ilikuwa na kisanduku cha kuchagua.
Wao waliuliza kwa adabu; mimi nawafasiria:
Kiingereza umekinyonya ziwa la nchi gani?
Nchi saba. Nilizipitia kwa kidole juu ya kioo
kama mtu atafutaye jina lake kwenye matokeo ya mtihani,
na chini kabisa, chini ya zote, neno moja: Nyingine.
Nikabonyeza hapo.
Basi ndiko nilikozaliwa. Nyingine,
Kibokoni, nyuma ya kwa Bi Fatuma Msellem muuza kachiri.

Kazi ni ya kusomesha Kiingereza, Loja, Ekwado.
Changamwe nimekisomesha miaka saba,
mwalimu wa bodi, mshahara ukija huja
kama mgeni aliyekosea nyumba.
TSC wameniita mara mbili, mara mbili wakasema
nenda, tutakuita.

Usaili ulikuwa saa nne unusu ya asubuhi yao.
Nikakodi kiti kwenye saiba ya Bondeni, shilingi kwa dakika,
feni inagonga, kijana wa pembeni anabeti mpira,
na adhana ya magharibi ikaanza
nami nikimuuliza mtu habari za asubuhi.

Bi Ximena Quizhpe. Koti la sufi, kikombe kinafuka.
Akasema, hebu tamka "maji" kwa Kiingereza.
Nikatamka. Tena. Nikatamka.
"Wazazi hapa," akasema, "hulipia kile cha filamu."
Na chake pia kilikuwa cha kuazima, nilikijua,
kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimeshonwa upya kwapani.

Tukanyamaza. Shilingi mbili zikapita.
Kisha, bila kuulizwa, akasema lugha ya bibi yake
inaitwa Kichwa. Nikacheka, nikagusa changu,
nikamweleza kwetu kichwa ni hiki.
Hakucheka sana. Skuli walimchapa bibi, akasema,
kila kilipomponyoka.
Nami nikamsimulia kile kibao chenye tundu na uzi
tulichovishwa shingoni, Tononoka, darasa la tatu,
anayenaswa na Kiswahili.
Nililala nacho Ijumaa hadi Jumatatu.
Nilikuwa nimeomba maji.

Barua imekuja Alhamisi. Wananitaka.
Mshahara una safu mbili: wa wazawa
na wa sisi wa Nyingine. Nauli juu yangu.

Mamangu hakuuliza mshahara.
Alikuwa anachagua mchele, kichwa hakuinua:
"Kibla ni wapi huko?"

Nikaenda kuazima tufe la skuli,
lile ambalo Mombasa imefutika
kwa vidole vya watoto wanaojitafuta.
Nikaweka changu pale palipobaki peupe,
nikakisukuma kuelekea machweo,
sikukipandisha, sikukishusha:
Kongo, bahari, pwani ya watu, msitu, msitu,
kikakwea milima kikasimama. Loja.
Mstari ule ule, mama. Jua lile lile la utosini,
ila huko ni juu, kuna baridi,
na kibla si kaskazini kama kwetu.
Ni matlai, ukipinda kidogo.

"Matlai," akarudia, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Kwa hiyo ukisali utakuwa umetuelekea."
Kiasi, nikasema.
"Kiasi chatosha."

Akaacha ungo, akaenda kupekua sanduku,
akarudi na sweta ya marehemu babu,
aliyonunua enzi akifanya kazi reli ya Limuru,
ya kahawia, kifungo kimoja si cha ndugu zake.
Inanuka karafuu na nondo.
Barua sijaitia sahihi. Nauli sijui nitaikopa kwa nani.
Lakini nimeijaribu sweta, Machi hii ya Mombasa,
inawasha shingoni pale pale pa ule uzi,
jasho lanitiririka mgongoni,
na mama amenizunguka mara mbili, avuta mikono, apima,
asema isivuliwe kwanza.